UZI: Ukitoka Kisumu mjini, maeneo yasiyosongwa na watu na jinsi ya kuyafikia bila kupoteza siku

Mtembezi_Winam

Wadau wa Nyanza na Magharibi, hamjambo. Kila sikukuu ikikaribia maswali huwa yale yale: tumeshafika Hippo Point, tumeshakula samaki ufukweni, sasa twende wapi? Tuweke hapa maeneo ambayo wengi huyapita barabarani bila kujua. Ombi langu ni moja tu: anayechangia ataje njia, saa ya kuondoka na kitu kinachoharibu safari ya pahali hapo. Picha za kupendeza zimejaa kila mahali, ila maelezo ya kufika ni haba.

Kabla ya yote, pangeni siku moja kwa upande mmoja. Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria imeingia nchi kavu kiasi kwamba Seme na Kendu Bay zinaangaliana ng'ambo ya maji, lakini kwa barabara lazima urudi hadi Kisumu, upite Ahero, ukate Katito ndipo ushuke Kendu Bay. Anayejaribu pande zote mbili kwa siku moja hushinda kwenye matatu.

Jambo la pili ni ziwa. Asubuhi maji huwa tulivu. Jua likishapasha nchi kavu, upepo huanza kuvuma kutoka ziwani na mawimbi ya ghuba huwa mafupi na makali, yale yanayorusha maji ndani ya boti. Safari yoyote ya boti ianze saa 1 asubuhi, na mpango uwe kurudi kabla ya saa 6 au 7 mchana. Upepo huohuo husukuma gugumaji hadi kwenye ghuba ya Kisumu na kuziba njia kwa saa kadhaa, kwa hiyo boti iliyotoka vizuri asubuhi inaweza kuzuiwa mita mia chache kutoka ufukweni.

Nianze na upande wa Seme. Panda matatu za Bondo, umwambie kondakta akushushe Kit Mikayi. Ni kama kilomita 29 kutoka mjini, na kutoka lami unatembea chini ya nusu saa au unachukua bodaboda. Kuna ada ya kiingilio getini na vijana wa hapo watakuongoza. Mawe hayo ni granite iliyopasuka kwa mistari ya wima na kulika na mvua kwa muda mrefu sana, mpaka vikabaki vipande vikubwa vimekaliana. Unaweza kupita katikati yake na kupanda juu. Shida ni mvua: jiwe likilowa huteleza vibaya, hasa mahali ambapo nyayo za watu zimelilainisha. Vaa raba zenye meno, acha sandali. Ukimaliza kabla ya saa 4 asubuhi utakuwa na pahali pote karibu peke yako.

Nyar_Seme

Umeeleza vizuri, ndugu Mtembezi. Niongeze ambalo wageni wengi hulikosea. Kit Mikayi ni mahali pa ibada, na waumini wa kanisa la Legio Maria na wengine huja kufunga na kuomba ndani ya mapango, wengine kwa siku kadhaa. Ukimkuta mtu ameinama na mshumaa, pita kimya. Usimpige picha, na mweleze mwongozaji mapema kwamba unataka picha za mawe pekee ili akupitishe njia nyingine. Kukiwa na mkutano mkubwa wa maombi, sehemu za ndani hufungwa kwa wageni, basi kaa nje umsikilize mwongozaji akieleza habari za mke wa kwanza, maana jina Kit Mikayi kwa Kiluo ni jiwe la mke wa kwanza. Ukiambiwa uvue viatu pahali fulani, vua.

Wanawake wa pale huimba na kucheza wageni wanapofika. Ukifurahia, toa chochote. Ila uliza kabla ya kurekodi.

Baba_Tausi

Asanteni. Nina watoto wawili, wa miaka 7 na 10. Je, kisiwa cha Ndere kinafaa kuunganishwa na Kit Mikayi siku moja? Na boti ya kutoka Kisumu mjini au kuna njia fupi?

Mtembezi_Winam

Vinaunganika, Baba Tausi, kwa kuwa vyote viko upande mmoja. Ndere ni hifadhi ya taifa tangu 1986, kilomita za mraba 4.2 tu, kama kilomita 30 magharibi mwa Kisumu. Boti ya kutoka mjini ni ndefu na ya bei, maana unalipia petroli ya kwenda na kurudi na siku nzima ya nahodha. Kwa watoto, nenda kwa barabara hadi ufukwe wa Seme unaokitazama kisiwa, kisha uvuke. Maji ya kuvuka ni machache na mnakaa kwenye mawimbi kwa muda mfupi.

Fanya hivi: Ndere kwanza, mkiwa ufukweni alfajiri, Kit Mikayi baadaye, maana jiwe haliogopi upepo. Malipo ya hifadhi zote za KWS, shirika la wanyamapori, hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Lipa ukiwa bado mjini kwenye mtandao mzuri, na ubebe kitambulisho, la sivyo utatozwa kama mgeni wa nje. Kisiwani mnatembea kwa miguu pamoja na askari wa hifadhi. Kuna swala pala, ndege wengi, na kando ya maji kuna viboko na mamba, kwa hiyo watoto wasikimbie mbele kuelekea majanini. Hakuna duka. Bebeni maji ya kunywa, lita 2 kwa mtu mzima, na mikono mirefu kwa ajili ya mbung'o.

Kuhusu jaketi za kuokolea: ziombe kabla hamjakubaliana bei, na umvishe kila mtoto moja uone kama inamkaa. Jaketi ya mtu mzima humtoka mtoto kichwani akianguka majini. Nahodha asiye na ya kumfaa mtoto, achana naye, tafuta mwingine.

Mafunjo_Dunga

Kwa wasio na siku nzima, Dunga iko hapa hapa, bodaboda kutoka mjini. Watu huenda kula, lakini utajiri wake ni kinamasi cha mafunjo. Kuna ndege wanaoishi ndani ya mafunjo tu. Mafunjo yakikatwa au kuchomwa, hawana pa kwenda. Anayetafutwa sana na wapenda ndege ni yule mweusi mgongoni, mwekundu kifuani na wa manjano kichwani, ambaye husikika mara kumi kabla ya kuonekana.

Jinsi ya kumwona: fika saa 12 na nusu asubuhi, chukua mashua ya kupiga kasia, maana injini huwafukuza. Pita ukingoni polepole, msimame penye uwazi, mnyamaze dakika 10. Kufikia saa 3 joto limepanda na ndege wamezama ndani. Kikundi cha waongozaji kipo ufukweni. Sema wazi kwamba unataka ndege wa mafunjo, kwa sababu usiposema utapelekwa kuangalia viboko kama kila mtu.

Mulembe_Isukha

Mulembe wadau. Naona mmekaa ziwani, sasa mpande huku juu kidogo.

Kisumu hadi Kakamega ni kama kilomita 50. Ukifika Ilesi, kabla ya mji wa Kakamega, tazama nje ya dirisha: kuna nguzo ya jiwe yenye jiwe jingine la mviringo juu yake, na mfereji wa maji unaoteremka kama machozi. Hilo ndilo Jiwe Linalolia, na wenyeji wanaliita Ikhongo Murwi. Urefu wake ni kama mita 40. Maji hukusanyika kwenye shimo lililofichwa na miti juu yake, kisha hufurika. Ukija wakati wa kiangazi kirefu, alama ya maji utaiona lakini mtiririko huwa hafifu. Njia ya kufika chini yake inapita kwenye mashamba ya watu, hivyo bisha hodi, utapata kijana wa kukusindikiza. Pale barabarani Ilesi pia ndipo wafinyanzi wanapouza vyungu, na bei ni nafuu kuliko mjini.

Sasa msitu. Wengi husema "nimeenda Kakamega Forest" kana kwamba mlango ni mmoja. Ni miwili, na tiketi ya mmoja haikubaliki kwa mwingine.

Buyangu iko kaskazini, chini ya KWS. Unatoka Kakamega kwa barabara ya Webuye, mwendo wa kilomita 15 hivi, unashuka kwenye kibao, unaingia kulia. Huku kuna kilima cha Buyangu cha kutazama msitu wote na maporomoko ya Isiukhu.

Isecheno iko kusini, chini ya idara ya misitu, KFS. Unashuka Khayega, unakwenda Shinyalu, kisha bodaboda hadi msituni. Huku kuna kilima cha Lirhanda, pamoja na handaki la wachimba dhahabu wa zamani ambalo sasa ni makazi ya popo.

Nikiulizwa nichague, nasema Isecheno kwa anayelala usiku mmoja, kwa sababu ya macheo ya Lirhanda. Mnaondoka saa 11 alfajiri na tochi, mnafika juu kabla ya jua. Ukungu hukaa mabondeni na vilele vya miti hutokea kimoja kimoja. Anayekuja na kurudi siku hiyo hiyo, Buyangu ni rahisi zaidi.

Mulembe_Isukha

Nimesahau yanayoharibu safari. La kwanza ni mvua. Huku hunyesha karibu kila mwezi, na mara nyingi ni alasiri. Desemba hadi Februari ndipo penye nafuu. Tembea asubuhi, saa 8 mchana uwe umetoka. La pili ni siafu. Ingiza suruali ndani ya soksi, na usisimame kwenye mstari mweusi unaosogea. La tatu ni kwenda bila mwongozaji. Njia hugawanyika bila kibao, na bila jicho lililozoea utaona majani tu. Waongozaji wa hapa huwatambua ndege kwa sauti. Kuna zaidi ya aina 300 za ndege msituni, na wengine hawaonekani kwingine nchini. Yule mkubwa wa buluu mwenye kishungi na mdomo wa manjano na mwekundu hukaa juu kabisa kwenye miti yenye matunda, kwa hiyo mwongozaji hukupeleka kwanza kwenye mti unaozaa wiki hiyo.

Kamera_Mpya

Shikamoo wakubwa. Kima wa De Brazza, yule mwenye ndevu nyeupe, anapatikana Isecheno? Na handaki la popo ni salama?

Mulembe_Isukha

Marahaba. De Brazza tafuta Kisere, kipande cha msitu kilichojitenga upande wa kaskazini. Uliza Buyangu. Isecheno utawaona mbega weupe kwa weusi, kima wa buluu na wale wenye mkia mwekundu, na wao hawaogopi sana watu.

Handaki: ingia na mwongozaji, kichwa chini, usiguse kuta, usikae. Mwenye pumu abaki nje, kwani harufu ya kinyesi cha popo ni kali.

Ndovu_Chumvi

Suala la popo linanileta Mlima Elgon, na hapa naomba msikilize kwa makini. Mapango ya Kitum, Makingeny na Chepnyalil yamo ndani ya hifadhi ya taifa ya Mlima Elgon, ambayo kwa upande wa Kenya ilianzishwa 1968. Tembo huingia Kitum usiku, gizani kabisa, na kuchimba ukuta kwa pembe ili kula chumvi ya mwamba. Pango limeingia mlimani kama mita 200. Mikwaruzo ya pembe utaiona wazi ukiangaza tochi kwa upande badala ya kuielekeza moja kwa moja. Tembo wenyewe kuwaona mchana ni bahati kubwa, usiende ukitarajia.

Tahadhari sasa: mwaka 1980 na 1987 watu wawili waliougua virusi vya Marburg walikuwa wamezuru Kitum siku chache kabla ya kuugua. Virusi hivyo hubebwa na popo wala matunda wanaoishi mapangoni. Hakuna haja ya kuogopa mlima, lakini vaa barakoa inayobana vizuri, glovu, mikono mirefu na viatu vilivyofunika mguu. Usiguse kinyesi, usile wala kunywa ndani, usichukue popo aliyeanguka, na ukitoka nawa kabla ya kugusa uso. Ukipata homa ndani ya wiki tatu, mwambie daktari ulikuwa pangoni. Kwa watoto na wajawazito ushauri wangu ni mmoja: watazame Makingeny kutoka nje, ambako maji huanguka mbele ya mdomo wa pango, na hilo peke yake linatosha safari.

Njia: Kisumu, Kakamega, Webuye, Kitale, zaidi ya kilomita 150. Hii si safari ya kwenda na kurudi, lala Kitale. Asubuhi pitia Endebess hadi lango la Chorlim. Askari wa hifadhi huwasindikiza watu mapangoni kwa sababu ya tembo na nyati, kwa hiyo omba msindikizaji unapolipa. Gari la chini litafika langoni kiangazi. Ndani, mvua ikinyesha, bila gari la magurudumu manne utakwama kwenye tope jekundu.

Ukiwa Kitale ongeza Saiwa Swamp. Ndiyo hifadhi ndogo kuliko zote za taifa nchini, kama kilomita 3 za mraba, ilitengwa 1974 kumlinda nzohe, swala anayeishi kinamasini mwenye kwato ndefu zilizotanuka ili asizame. Magari hayaingii, mnatembea. Barabara ni ya Kapenguria, kisha unakata kulia kwenda Kipsaina. Uwe juu ya jukwaa la mbao saa 12 na nusu asubuhi, au urudi saa 11 jioni. Saa 5 mchana utaona matete tu. Mbao za njia huoza na kuteleza, kanyaga penye misumari, maana hapo ndipo pana mhimili chini.

Mwl_Webuye

Njiani kwenda Kitale, kwa mliopanda mapema, simameni Webuye. Maporomoko ya Nabuyole kwenye Mto Nzoia hayako mbali na mji, bodaboda wote wanayajua. Yana nguvu sana baada ya mvua za Aprili na Mei, na ukungu wake hufanya mawe ya ukingoni yateleze, basi kaeni nyuma ya mstari wa mawe yaliyolowa. Juu yake ni vilima vya Chetambe, ambako Wabukusu walijichimbia handaki kuzunguka boma lao na kupigana na jeshi la Waingereza mwaka 1895. Alama za handaki bado ziko, lakini bila mzee wa kukuonyesha utalivuka ukidhani ni mtaro wa maji. Mwanafunzi yeyote wa historia anayeishi Magharibi angepaswa kusimama pale japo mara moja.

Ja_Suba

Oyawore uru. Mimi naleta mzunguko wa kusini ambao unawaokoa na kurudi kwa njia mliyojia. Unachukua siku tatu.

Siku ya kwanza: Kisumu, Bondo, hadi Luanda Kotieno. Pale kuna feri ya kuvuka kwenda Mbita, inabeba magari na abiria, na hutumia kama saa nzima. Uliza ratiba siku moja kabla, maana ikikosekana safari moja unangoja saa nyingi. Mwenye gari awe kwenye foleni mapema, nafasi za magari ni chache na malori hupakiwa kwanza. Ukivuka Mbita unaingia Rusinga kwa daraja. Rusinga kuna kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na jengo lake limejengwa kwa umbo la risasi. Ndani kuna picha na vitu vyake. Mlinzi wa pale anajua historia kwa undani, mpe muda aeleze, usiingie na kutoka kwa dakika 10.

Kisiwa hicho hicho ndicho Mary Leakey alipopata fuvu la Proconsul mwaka 1948, sokwe wa kale wa takriban miaka milioni 18. Mmomonyoko unaendelea kufichua mifupa kwenye makorongo ya udongo. Ukiona kipande, kiache palepale. Mfupa uliohamishwa umepoteza tabaka lake, na bila tabaka mtafiti hawezi kujua umri wake. Isitoshe, Sheria ya Makavazi ya 2006 inakataza kuuchukua.

Siku ya pili: Mfangano. Boti hutoka Mbita asubuhi. Tafuta michoro ya mwambani ya Kwitone na Mawanga, miduara ndani ya miduara kwa rangi nyekundu na nyeupe, ambayo huhesabiwa kuwa kazi ya Watwa, wawindaji waliokuwako kabla ya Wabantu na Waluo. Anzia kwenye makavazi ya amani ya Abasuba, upate mwongozaji hapo. Mawanga ni rahisi kufika. Kwitone ni kupanda mlima, kwa hiyo anza saa 2 asubuhi ukiwa na maji. Na tafadhali, msimwagie maji michoro ili ing'ae kwenye picha. Maji huyeyusha rangi na kuacha ukoko wa chumvi juu yake. Piga picha jua likiwa chini, rangi hujitokeza zenyewe. Kusugua kwa chaki ni uharibifu, na anayefanya hivyo aambiwe papo hapo.

Siku ya tatu nawaachia wa Lambwe na Kendu Bay.

Dereva_Lambwe

Ja Suba amefungua njia, nichukue usukani. Kutoka Mbita kuelekea Homa Bay, Bonde la Lambwe liko upande wako wa kulia, na ndani yake ni hifadhi ya taifa ya Ruma, kilomita za mraba 120. Ndiyo makao pekee yaliyobaki Kenya ya korongo, swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe na masikio marefu. Idadi yao ni ndogo mno, kwa hiyo kuwaona kunahitaji subira. Nyasi zikiwa ndefu baada ya mvua hutawaona hata wakiwa mita 50. Nenda Januari na Februari, au Julai hadi Septemba. Kati ya Aprili na Septemba kuna pia mbayuwayu wa buluu, mgeni kutoka kusini mwa Afrika.

Udongo wa Lambwe ni mweusi wa mfinyanzi. Ukikauka ni mgumu kama saruji, ukilowa hujaza magurudumu mpaka hayageuki. Mvua ikinyesha usiku, subirini hadi saa 4 asubuhi jua lipige, au msiingie. Bebeni koleo na kamba. Bodaboda haziingii, kuna nyati na faru.

Mbung'o: bonde hili lina historia ya malale. Mdudu huyu hufuata kitu kinachosogea na rangi ya buluu na nyeusi. Vaeni khaki au rangi ya majani makavu, kitambaa kizito, maana huuma kupitia shati jepesi. Fungeni vioo gari likitembea, fungueni mkisimama mahali pa wazi. Dawa za mbu hazimzuii sana.

Nyakwar_Kendu

Kutoka Homa Bay kurudi Kisumu mtapita Kendu Bay. Ziwa Simbi Nyaima ni bodaboda fupi kutoka mjini: ziwa la volkeno, mzunguko wake kama kilomita 2, unaweza kuuzunguka kwa miguu ndani ya saa moja. Maji ni ya magadi na ya kijani kwa sababu ya mwani, ndiyo maana flamingo huja. Lakini huja na kuondoka mwani ukipungua, kwa hiyo mpigie mtu wa Kendu Bay kwanza. Hadithi ya kikongwe aliyenyimwa pa kulala na kijiji kikazama mtasimuliwa na mtoto yeyote mtakayekutana naye. Jioni ndipo rangi ni nzuri. Msiogelee.

Ng'ambo yake ni Mlima Homa na chemchemi za maji moto. Maji hayo huunguza, msipime kwa mguu. Rasi hiyohiyo ina Nyayanga, ambako mwaka 2023 watafiti walitangaza zana za mawe za kati ya miaka milioni 2.6 na 3, pamoja na mifupa ya viboko iliyokatwa kwa zana hizo. Hakuna kituo cha wageni pale, ni eneo la utafiti, hivyo liacheni lilivyo.

Baba_Tausi

Hii ni zaidi ya niliyotarajia. Mbona hamjaitaja Thimlich Ohinga? Kwenye habari ilisemwa imeingia UNESCO.

Dereva_Lambwe

Iliingia 2018, na inastahili. Ipo Nyatike, kaunti ya Migori, kama kilomita 180 kutoka Kisumu na 46 kutoka mji wa Migori. Ni maboma ya mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, tangu karne ya 16 hivi. Kuta zina urefu wa mita 1.5 hadi 4.5 na unene wa wastani wa mita 1. Angalia mafundi walivyofanya: ukuta wa nje, ukuta wa ndani, na mawe madogo yamejazwa katikati kushikanisha. Milango ni mifupi makusudi, ili adui aingie ameinama huku mlinzi akimngoja juu ya jukwaa la kando. Kuna mahali pa kufulia chuma, na vishimo vya mchezo wa bao kwenye mwamba.

Msipande juu ya ukuta. Uzito wa mtu mmoja husogeza jiwe la juu, la chini hulegea, na mvua inayofuata hubomoa kipande kizima.

Njia mbili: kutoka Migori kupitia Macalder, au kutoka Homa Bay kupitia Rodi Kopany na Ndhiwa. Mwisho wa safari ni vumbi, na usafiri wa umma ni haba. Asiye na gari alale Migori, akodi bodaboda ya kwenda na kurudi, akubaliane bei pamoja na saa mbili za kungoja. Ukimwachia aende, kurudi jioni ni shida. Msiibandike kwenye siku ya Ruma, haitoshi.

Mama_Imani

Swali la haraka: mbona kila mtu anakataza kuogelea ziwani, na wenyeji wanaoga?

Mafunjo_Dunga

Kichocho, dada. Konokono wanaokibeba hukaa penye majani na maji yaliyotulia kando ya ufuo, na minyoo hupenya ngozi kwa dakika chache. Ukilazimika kuingia majini kupanda boti, jikaushe kwa taulo mara moja. Baada ya wiki sita hadi nane pima, dawa yake ipo na si ghali. Na msisahau neti, malaria ya huku ni ya mwaka mzima.

Mtembezi_Winam

Mama Imani, ongeza viboko kwenye sababu hizo.

Kwa wanaotaka nusu siku tu: Makavazi ya Kisumu yalifunguliwa 1980, yako barabara ya Kericho, na ndani kuna boma kamili la Kiluo lenye nyumba ya mikayi, nyachira na reru (mke wa kwanza, wa pili na wa tatu) kila moja mahali pake. Kuliona kwanza husaidia kuelewa Kit Mikayi na Thimlich. Maseno nayo ina alama ya ikweta kando ya barabara ya Busia, dakika tano zinatosha.

Baba Tausi, kwa umri wa watoto, na kama mna wikendi moja: Jumamosi Ndere na Kit Mikayi, Jumapili Dunga asubuhi mapema na makavazi baadaye. Mfangano ngoja Januari. Ukishajua tarehe, andika hapa, Ja Suba akuambie kama feri ya asubuhi inatembea wiki hiyo.